Kutoka Katani hadi Plastiki: Historia ya Zulia Inayopita Mgololo

Kabla jina la Mgololo, penye kiwanda cha karatasi huko Mufindi, halijaandikwa kwenye marobota, watu wa Mufindi, Njombe na Makete walikuwa wameshaingia katika biashara ya nyuzi ya dunia, na waliingia kwa jasho. Vijana waliandikishwa kwa mkataba, wakapandishwa malori, wakaunganisha na treni, hadi Korogwe, Muheza na Pangani kukata mkonge. Waliitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya ilikuwa mikononi mwa SILABU, ofisi ya ajira ya wenye mashamba ya mkonge, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi. Majani waliyokata yaliingia korona, mashine ya kutoa nyuzi, yakiwa mabichi na mazito, yakatoka singa nyeupe. Singa zikafungwa marobota, zikapakiwa melini Tanga, na huko zilikofika zikasokotwa kamba, zikafumwa magunia na mazulia ya kukanyagwa na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Njombe.

Leo mjukuu wa mmoja wa manamba hao, akiwa amejenga nyumba yake ya matofali Mgololo au Mafinga na anataka kutandika sebule, atanunua zulia lililofumwa Uturuki au Misri kwa nyuzi zilizotokana na mafuta ya petroli. Mara nyingi tunaambiwa kuwa nyuzi za viwandani zilishinda kwa sababu ni bora. Nimeifuatilia habari hii kwa muda mrefu na siamini kwamba mambo yalikwenda kirahisi namna hiyo. Ubora ulichangia, lakini sehemu kubwa ya ushindi ule ilitokana na bei, vita, mashine na maamuzi ya watu waliokuwa mbali sana na mashamba.

Sakafu za Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na matandiko yake kabla ya yote hayo. Uhehe na Ubena watu walitandika ngozi na mikeka. Wanawake wa Iringa walisuka, na wanasuka hadi leo, vikapu vya milulu vilivyokazwa vizuri. Ukishuka kusini kuelekea Ziwa Nyasa, Kyela kuna mikindu kandokando ya maji, na ukindu wake unachanwa, unakaushwa na kusukwa mikeka inayouzwa hata Dar es Salaam. Pwani kuna majamvi ya ukili, na Unguja wanawake huzika makumbi ya nazi ufukweni, yakaoza kwa miezi mingi ndani ya maji ya chumvi, ndipo wakayaponda na kupata nyuzi za kusokota kamba. Kondoo wa kwetu hufugwa kwa nyama, kwa hiyo zulia la sufu halikuwa letu. Liliingia pwani kwa majahazi kutoka Uajemi na Uarabuni, likakaa misikitini na katika nyumba za wenye uwezo.

Mkonge nao ni mgeni. Asili yake ni Yucatán, Mexico. Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma habari zake na kuona kwamba mmea unaovumilia ukame namna ile ungefaa bonde la Pangani. Aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilipitia Hamburg, na safari ilikuwa ndefu mno. Vilipofika Tanga mwaka 1893 vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu, navyo vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge huzaa vitoto vingi sana mlingoti wake unapochanua kabla ya kufa, na kwa njia hiyo mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi yakaenea kutokana na miche ile michache. Mwaka mmoja kabla ya mzigo huo kufika, huko Uingereza Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle walikuwa wamepata hataza ya kuyeyusha massa ya mti, njia ambayo baadaye ilitumika kuyafanya nyuzi zinazong'aa kama hariri. Nyuzi hizo za viskosi bado zimo katika mazulia ya bei ya juu yanayouzwa kwa jina la hariri ya bandia. Hivyo nyuzi za shambani na nyuzi za maabara zilianza safari zao takriban wakati mmoja, ingawa Tanga hakuna aliyekuwa na habari.

Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu, na sipendi inaposimuliwa kama takwimu za mauzo peke yake. Mkataji aliamka gizani. Jani lina mwiba mkali nchani, na utomvu wake huwasha ngozi. Alikata, akaondoa miiba, akafunga mafungu, akayapanga, na kipande chake hakikuhesabiwa mpaka nyapara aridhike. Kwa mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Mufindi au Ukinga, joto la Korogwe na malaria yake lilikuwa adhabu ya pili. Kilichowapeleka kilikuwa kodi ya kichwa, iliyotakiwa kwa fedha taslimu mahali ambapo fedha haikupatikana, pamoja na tamaa halali ya blanketi, nguo na mahari. Wengine walirudi na vitu hivyo. Wengine walibaki Tanga moja kwa moja, wakaoa, na hadi leo kuna vitongoji vya mashamba ya mkonge ambako utasikia Kibena na Kikinga.

Tani walizozalisha zilikuwa nyingi ajabu. Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi yoyote duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000. Zulia halikuwa mteja wa kwanza. Singa nyingi zaidi zilikwenda kuwa kamba za kufungia miganda ya ngano na marobota ya nyasi kavu huko Ulaya na Amerika Kaskazini. Lakini singa ndefu, safi na nyeupe zilipendwa na wafumaji wa mazulia kwa sababu ni ngumu, hazilali zikikanyagwa na hunywa rangi vizuri. Zulia la katani liliwekwa kwenye korido, ngazi na maofisi, mahali panapopitwa na viatu siku nzima.

Wakati manamba wakipanda malori, wanakemia walikuwa kazini. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont nchini Marekani walitengeneza nailoni. Mwaka 1941 Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wakapata hataza ya poliesta. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milano, akitumia kichocheo kilichotokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler, alitengeneza polipropilini ngumu kutokana na gesi ambayo viwanda vya kusafisha mafuta vilikuwa nayo tele. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Katika nyuzi zote za viwandani, hiyo polipropilini ndiyo iliyougusa mkonge moja kwa moja. Kamba yake haiozi, haihitaji kulimwa, na bei yake iliendelea kushuka kadiri viwanda vilivyoongezeka.

Mazulia yalibadilishwa pia na mashine. Katika mji wa Dalton, jimbo la Georgia, msichana Catherine Evans alikuwa ameanza mwaka 1895 kutengeneza matandiko ya kitanda kwa kuchoma nyuzi za pamba kwenye kitambaa. Ufundi ule wa mkono ukahamishiwa kwenye mashine zenye mamia ya sindano, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine hizo zikaanza kutoa mazulia mapana kwa kasi ambayo mfumaji wa zamani asingeweza kuifikia. Zilitaka uzi laini, mrefu usio na kikomo na wenye unene mmoja, na nailoni ilikuwa hivyo hasa. Singa ya mkonge, yenye urefu wa mita moja hivi na unene unaobadilika, haikuzifaa mashine hizo. Kwa muda mgongo wa zulia uliendelea kuwa wa juti ya Bengali, lakini polipropilini iliyofumwa ilishaanza kuingia, na vita vya Bangladesh vya mwaka 1971 vilipotikisa ugavi wa juti, wengi waliohama hawakurudi.

Hapa nchini bei ya mkonge ilianza kuporomoka baada ya neema ya mwaka 1963 na 1964. Nasisitiza tarehe hizo kwa sababu wako wanaosema mkonge uliuawa na Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa Februari 1967, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka huohuo, lakini kufikia wakati huo wenye mashamba walikuwa wameshapunguza wafanyakazi na kuacha kupanda upya sehemu nyingi. SILABU nayo ilikuwa imeshafungwa katikati ya miaka ya 1960, na malori ya manamba yakakoma. Hata hivyo siwezi kuitupia plastiki lawama yote. Brazil ilikuwa inauza katani katika soko lilelile, ikishindana na polipropilini ileile, na bado ikatupita na kuendelea kuongoza. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na 1974, plastiki ikawa ghali na katani ikapanda thamani ghafla. Ule ulikuwa wakati wa kuvuna. Lakini mkonge uliopandwa leo hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, na mashamba ambayo hayakupandwa miaka ya 1960 hayakuwa na majani ya kutosha. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji wa taifa ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Uongozi mbovu, mitambo iliyochakaa na vipuri visivyopatikana vilikamilisha kazi iliyoanzishwa na bei.

Katika miaka hiyohiyo ya mkonge kudhoofika, Nyanda za Juu Kusini zilipewa nyuzi nyingine. Serikali ilikuwa inapanda misindano kwenye nyika za Sao Hill, jirani na Mafinga, na shamba lile likawa kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Miti ilipandwa ikilenga kiwanda cha massa na karatasi, na kiwanda hicho kilijengwa Mgololo, upande wa kusini-mashariki wa Mufindi, karibu na reli ya TAZARA, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine. Kilianza kazi mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills, kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Mahali palipokuwa na vijiji na mapori pakawa na nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati na umeme. Wana wa manamba, badala ya kwenda Tanga, sasa walipata ajira ya nyuzi nyumbani kwao. Lakini kiwanda kilizaliwa taifa likiwa halina fedha za kigeni. Hakikufikia uwezo wake, kikasimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 kikabinafsishwa na kuwa Mufindi Paper Mills. Tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa karatasi ngumu ya kahawia, ile ya mifuko na maboksi.

Mtu anaweza kuuliza karatasi ina uhusiano gani na zulia. Uhusiano upo kwenye unyuzi wenyewe. Unyuzi wa mkonge, wa msindano na wa ukindu umejengwa kwa selulosi ileile ambayo mmea huitengeneza kwa jua, maji na hewa. Tofauti ni namna ya kuutoa. Korona hulipondaponda jani la mkonge huku maji yakisukuma nyama yake, na katika kila kilo 100 za majani zinabaki kilo nne hivi za singa kavu. Mgololo msindano hukatwa vipande vidogo na kupikwa ndani ya mtungi wa presha kwa magadi makali na chumvi ya salfaidi, kwenye joto la nyuzi 170 hivi, mpaka gundi ya mti iyeyuke. Kinachobaki ni nyuzi za milimita tatu, na kwa mti huo ni ndefu, ndiyo sababu mfuko wake hauchaniki upesi. Polipropilini haitolewi ndani ya kitu chochote. Punje zake huyeyushwa, rangi ikachanganywa humo humo, kisha uji huo ukasukumwa kwenye matundu madogo, ukapoa ukiwa uzi. Hakuna kusubiri mvua, wala miaka 20 ya kukuza mti.

Sasa tuziweke sakafuni, katika nyumba ya Mgololo yenyewe. Juni na Julai baridi ya huku hupenya miguuni kupitia saruji, kwa hiyo mtu anatandika kwa sababu anahitaji. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei mvua ni nyingi na udongo mwekundu unaingia na kila kiatu. Kwa matope hayo, lazima nikiri, zulia la polipropilini ni msaada mkubwa. Halinywi maji karibu kabisa, unalitoa nje, unalisugua kwa sabuni na brashi, na jua likiwaka linakauka haraka. Rangi imo ndani ya uzi, haitoki. Zulia la katani likilowa hubaki na madoa, hukunjamana, na lisipokauka vizuri huota ukungu. Pia linakwaruza magoti ya mtoto anayetambaa. Mwandishi anayelisifu zulia la asili bila kutaja matope ya Mufindi hajafikiria nyumba za watu.

Lakini nyumba hiyohiyo ina jiko la mkaa linaloingizwa ndani jioni. Kaa moja likidondoka, polipropilini inayeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi na kuacha tundu lenye kingo ngumu, na anayekanyaga kabla halijapoa anaungua. Sufu ndiyo bora kuliko zote hapo, kwani huungua kwa shida na kujizima yenyewe. Katani nayo hushika moto, isipokuwa haidondoshi matone yanayoganda kwenye ngozi. Baada ya miaka michache zulia la polipropilini la bei nafuu linakuwa limelala mahali pa kupita watu, kwa kuwa uzi wake ukibonyezwa hauinuki tena vizuri. Nailoni huinuka, ndiyo maana hoteli na viwanja vya ndege huilipia zaidi. Na jua kali, lililotusaidia kukausha, linaivunja polipropilini polepole ikawa unga na vipande vidogo vinavyokwenda na maji hadi mtoni. Mkeka wa ukindu ukichakaa hutupwa shambani na msimu ukipita umeshaoza. Zulia chakavu la plastiki ama linachomwa uani, watoto wakavuta moshi wake, ama linaishia korongoni na kukaa humo kuliko aliyelinunua.

Mambo hayo yote yalijitokeza kwa namna nyingine tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008 na Kenya 2017. Ghafla kila mtu alizungumzia mifuko ya karatasi na Mgololo ikarudi midomoni mwa viongozi, kwa sababu hapo ndipo karatasi ya kahawia ilipokuwa ikitengenezwa nchini. Wauza mikate na wauza nyama walianza kutafuta bahasha. Lakini mfuko uliochukua nafasi kubwa sokoni haukuwa wa karatasi. Ulikuwa ule tuliouita mfuko mbadala, unaofanana na kitambaa, ambao ukiutazama jua likiwa nyuma yake utaona nyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa. Ni polipropilini, yaani plastiki ileile iliyoko kwenye mgongo wa mazulia ya leo. Serikali ililazimika kuuwekea kiwango cha uzito, gramu 70 kwa mita ya mraba, kwa sababu myepesi zaidi ilichanika na kusambaa kama ile iliyokatazwa. Tulikataza umbo moja la plastiki, mshindani wa Mgololo akabadilisha vazi na kurudi. Hadithi hiyo ilishatokea kwenye magunia ya mahindi ya Makambako, ambako salfeti, mfuko wa polipropilini iliyofumwa, imechukua karibu kazi yote ya gunia la nyuzi za mimea.

Mkonge wenyewe unainuka tena. Wakulima wadogo wa Korogwe na Mkinga wamepanda, na bei ya miaka ya karibuni imewatia moyo. Katani imepata hata kazi mpya ndani ya nyumba zetu bila wengi kutambua: mafundi wa jipsamu huchanganya singa zake kwenye dari na urembo wa kuta ili usipasuke. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mpya za Mafinga na Makambako katani ya Tanga iko juu ya kichwa na petroli iko chini ya miguu. Lakini sehemu kubwa ya singa zetu bado inauzwa nje ghafi, kwa wanunuzi wa China, Saudi Arabia na kwingineko, na zulia la katani utaliona kwa nadra sana katika maduka ya Iringa au Mbeya.

Hilo linaweza kubadilika kwa manunuzi, na manunuzi makubwa ni ya serikali. Simwambii mama wa Mgololo mwenye matope mlangoni aache zulia lake linalofulika. Nawaambia wanaotandika kumbi za mikutano, mahakama, benki na ofisi za wakuu wa mikoa. Sakafu hizo ni kavu, hazina jiko la mkaa wala mtoto anayetambaa, na hukanyagwa na viatu kutwa nzima. Ni kazi ileile iliyolifanya zulia la katani lipendwe Ulaya miaka 70 iliyopita. Zabuni chache za mikoa mitatu, Iringa, Njombe na Mbeya, zikitaja katani kwenye masharti yake, zingempa mwenye kinu cha kusokota Tanga sababu ya kununua mashine za kufuma.